Kasula ya Mbuzi

Mwanakondoo wa kwanza aliyeshonwa na Mshoto alitoka mbuzi, na parokia nzima ilishuhudia.

Hakukusudia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza ufundi kwa shangazi yake, na kanisa liliagiza kasula nyeupe ya Pasaka, lile vazi pana la juu analovaa padre wakati wa misa. Mgongoni atariziwe Mwanakondoo wa Mungu ameshika bendera. Shangazi alikata kitambaa, mnyama akamwachia binti. Naye Mshoto, aliyeitwa hivyo kwa sababu sindano aliishika kwa mkono wa kushoto na hakuna fimbo iliyowahi kumbadilisha, akaona uso wa mwanakondoo umekaa bapa kama sahani. Akauwekea kivuli kidogo chini ya kidevu, nyuzi saba tu za kijivu. Siku ya Pasaka Paroko akapita katikati ya kanisa katika maandamano, na kila benchi aliloliacha nyuma liliinama likacheka ndani ya leso. Mwanakondoo alikuwa na ndevu.

Tangu hapo ikaitwa kasula ya mbuzi, na ikapendwa kuliko zote. Watoto waliuliza nyumbani, "Mama, leo Padre anavaa mbuzi?" Paroko mwenyewe alikuwa akitania kwamba sakristia, chumba cha mavazi, inanuka beberu badala ya ubani. Na yule mzee Sakristani, mtunza mavazi na vyombo vya altare, aliikunja kila mara mbuzi akae juu, asibanwe.

Ikadumu miaka tisa. Kisha mshumaa wa Pasaka ukaila upindo.

Kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani wala hakigeuzwi tambara la kudekia. Huchomwa, na majivu yake yakafukiwa ardhini. Sakristani akaileta mwenyewe kwenye chumba cha ushonaji cha Mshoto, imekunjwa ndani ya foronya ya mto.

"Mke wangu," alimwambia, maana alikuwa babu wa kila mtu na Mshoto alikuwa mjukuu wake wa utani, "fumua huu utepe wa dhahabu, bado una maisha. Halafu mwili wake uuchome. Ningechoma mwenyewe, lakini kusema kweli roho yangu haitaki kumtazama mbuzi akiungua."

Roho ya Mshoto nayo haikutaka. Alifumua utepe. Kasula akaitundika nyuma ya pazia, akisema kesho, na kesho ikawa na kesho yake, maana alikuwa na mimba ya miezi minane na kila kitu kilimliza. Wiki mbili baadaye mzee akachungulia mlangoni.

"Tayari?"

"Tayari, Babu," akasema, akampa utepe.

Yeye alikusudia utepe. Mzee alielewa vyote. Akarudi sakristia, akafungua kitabu cha mavazi, akaandika kwa mwandiko wake wa kusimama wima: *Kasula nyeupe, ya Mwanakondoo. Imeteketezwa.* Akatia sahihi.

Mambo yangeishia hapo kama asingetokea mtu mmoja mwenye ndevu nzuri kuliko za mbuzi, aliyekuja kutengenezewa zipu. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, analia. Pazia lilikuwa wazi.

"Dada fundi, lile vazi la padre unaweza kuniazima? Tuna mchezo wa padre."

Pale parokiani neno mchezo lilikuwa na maana moja tu: mchezo wa Mateso, Ijumaa Kuu, ambapo mwenyekiti wa walei, yaani waumini wasio mapadre, alikuwa Pilato kila mwaka na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Mshoto akadhani ni parokia nyingine.

"Mchezo wa wapi?"

"Huku kwetu, ng'ambo ya pili ya mji. Watu watafurahi sana."

Hilo neno kufurahi lingemshtua mtu mwenye utulivu. Mshoto alikuwa na titi moja nje na pini tatu mdomoni. Aliwaza tu kwamba mbuzi wake atasimama tena mbele za watu. Akamwazima.

*

Sasa ilikuwa Jumapili, miezi saba baadaye, baada ya misa ya pili, na ukumbi wa parokia ulikuwa unachemka.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayeongea na watu wazima kana kwamba wamechelewa paredi. Alikuwa ameunganisha simu yake na televisheni. Kwenye kioo alionekana mchekeshaji ambaye mji mzima ulikuwa ukimwita Padre Biskuti. Alikuwa na kitambi cha mto, miwani isiyo na vioo, na mbele yake meza ya kupigia pasi iliyotandikwa kitambaa cheupe. Akanyanyua biskuti kwa mikono miwili, kama padre anavyoinua hostia, ule mkate wa komunyo. Akaivunja. Akawatazama waliopanga foleni.

"Chukua mbili, mwanangu. Hizi zina maziwa."

Kicheko cha televisheni kikamwagika ukumbini, na hakuna aliyekipokea. Mshoto, aliyekaa benchi la nyuma akimnyonyesha mtoto, alimfikiria mama yake. Mama hakuwa ametoka kitandani mwaka wa pili sasa. Kila Ijumaa Paroko alimletea komunyo nyumbani, na kwa ajili ya kipande hicho cha mkate mama alidai kuoshwa, kuchanwa nywele, kuvalishwa gauni la heshima. Alhamisi hii alikuwa ameona kipindi hicho. Alisema, "Zima," akageukia ukuta.

"Mmeona," Mwenyekiti akasema. "Sasa tuamue. Sitaki makelele, nataka mapendekezo."

Akapata vyote viwili.

"Twende pale kituoni kwao," alisema Mama Kwaya, mwanamke mpana mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, "tusimame getini tuimbe mpaka wazime mitambo yao. Washenzi wakubwa!"

"Kuimba?" akasema Seremala. "Tuwape burudani ya bure? Mimi nina nyundo. Geti lao nalijua, bawaba zake nilizifunga mimi mwenyewe."

"Hakuna nyundo," Mwenyekiti akakata. "Barua, sahihi mia tano, kisha maandamano na mabango Jumapili ijayo."

"Barua watafungia maandazi."

"Walaaniwe! Paroko awasomee altareni, kwa majina!"

Muuza dawa, mama mpole aliyekaa karibu na mlango, akainua kidole. "Au tuache tu kuwaangalia."

Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Tusiangalie?" Seremala akauliza. "Sasa tutajuaje wanavyotutukana?"

"Mimi nimeangalia mara tatu," Mama Kwaya akasema, "lakini kwa uchungu."

"Uchungu wa kupiga mapaja?" Seremala akamwuliza. "Ukuta wetu ni mmoja, mama. Nakusikia."

Watu wachache wakacheka, na Mama Kwaya akageuka na uso wa mtu anayetafuta pa kupeleka aibu yake. Ndipo alipokikazia macho kioo. Padre Biskuti alikuwa akigeuka kuelekea ukutani.

"Simamisha! Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Hapo hapo!"

Mwenyekiti akasimamisha. Mgongo wa mchekeshaji ukajaa kwenye kioo. Juu yake, ameshika bendera, ana ndevu nyuzi saba za kijivu, alisimama mbuzi.

Walio nyuma wakapanda juu ya mabenchi.

"Huyo mbuzi namjua," Seremala akasema polepole.

"Nani asiyemjua? Wajukuu wangu wawili wamebatizwa mbele yake!"

"Si alichomwa?"

"Alichomwa wapi, si huyo hapo!"

Mshoto alihisi maziwa yakikauka palepale. Mtoto akaachia titi, akamtazama, kama naye anataka maelezo.

Kitabu cha mavazi kikaletwa kutoka sakristia. Mwenyekiti akakisoma kwa sauti, akalirudia neno *imeteketezwa* mara mbili, kisha akakigeuza kimtazame mzee aliyekaa benchi la mbele, kofia mapajani, rundo la funguo likining'inia kiunoni.

"Sahihi hii ni ya nani, mzee?"

"Yangu."

"Uliichoma wewe, kwa mkono wako?"

Sakristani akageuza kichwa. Alimtazama Mshoto, kisha mtoto, kisha akairudisha shingo yake mahali pake, taratibu, kama anayefunga kabati.

"Funguo ninazo mimi. Kitabu nimeandika mimi. Niulizeni mimi."

"Tunakuuliza!"

"Basi jibu langu ndilo hilo."

"Umeiuza!" Mama Kwaya akapasua. "Umemuuza Mwanakondoo kwa wahuni, mzee mzima! Na sisi tunapiga kelele kumbe nyoka yumo humu humu ndani!"

"Mama," Paroko akasema kutoka dirishani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo machache hayo hayakusikika.

"Hapana, Baba Paroko, tuachie. Wale wapagani tunawaelewa, ndiyo kazi yao. Lakini huyu!"

"Miaka thelathini na moja anapanga mavazi," sauti ikasema nyuma, "kumbe anapanga na bei."

"Aibu!"

"Weka funguo mezani," Mwenyekiti akasema.

Mzee akasimama. Funguo zilikuwa zimefungwa kwenye mshipi kwa kamba ya ngozi, na fundo lake lilikuwa la tangu enzi, limeota likawa jiwe. Akalishika. Vidole vyake, ambavyo kila asubuhi vilimvalisha Paroko bila kosa, alba, ile kanzu nyeupe, kisha stola ya shingoni, kisha kasula, na kila vilipoinyanyua kasula alinong'ona maneno yaleyale mawili, "Kichwa, Padre," vidole hivyo sasa fundo lilivicheka. Akajaribu kwa kucha. Akajaribu kwa jino la pembeni, ameinama mbele za watu mia moja.

"Nani ana mkasi?" Mwenyekiti akauliza.

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Nani asiyejua kwamba fundi Mshoto hutembea na mkasi mdogo shingoni, kwenye utepe, kama wengine wanavyotembea na rozari?

Mshoto akaushika. Ulikuwa wa moto kwa joto la mtoto. Chumbani kwake kulikuwa na magauni arobaini na mawili ya Komunyo ya Kwanza, yamekatwa, yamebanwa pini, kila moja na jina la mtoto kwenye kikaratasi. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikilipia kodi ya kile chumba, ndiyo ilimpa mama yake sabuni nzuri ya Ijumaa. Angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa amemfungulia mlango wa kunyamaza na kuushikilia wazi kwa mgongo wake mwenyewe.

Akasimama, mtoto kiunoni.

"Mkasi ninao," akasema. "Lakini hiyo kamba siikati. Kasula ilikuwa kwangu."

*

Mtu akisimulia kilichofuata, huwa anaanza na kelele, na kelele zilikuwepo. Mshoto alisema yote, mimba na pazia na neno *tayari*, na kila alipovuta pumzi mtu alimjazia nafasi.

"Kwa hiyo ulimdanganya mzee!"

"Nilimwacha adanganyike. Ni kilekile."

"Ndiyo maana hako katoto hakatulii," akasema Mama Kwaya, na hilo Mshoto alilibeba nyumbani, na kulisahau ilimchukua muda mrefu.

"Mliuziana shilingi ngapi?"

"Sikuuza. Nilimwazima. Alisema mchezo wa padre, mimi nikadhani mchezo wa Mateso."

"Alidhani!" Mwenyekiti akaligeukia baraza lake. "Anadhani kila mwenye ndevu ni mtume. Magauni ya watoto utayarudisha kesho, binti, yalivyo. Huwezi kushona mavazi ya wanaompokea Bwana kwa mkono ule ule uliompeleka sokoni."

"Nitayarudisha."

"Na maandamano yako palepale."

"Andamaneni," Mshoto akasema, bado amesimama. "Ila mkifika pale getini mtasema nini? Acheni? Watawapiga picha, wawaweke kwenye kipindi kijacho. Mimi nina neno moja ambalo hawawezi kulicheka. Nimekuja kuchukua changu."

Wakamtazama.

"Nilimwazima mtu kitu. Mwenye kitu anadai. Hiyo haihitaji bango."

Paroko aliliacha dirisha. "Nenda," akasema, na safari hii alisikika. "Mwenyekiti, mpe hadi Jumatano."

"Akirudi mikono mitupu?"

"Basi mtakuwa na mabango yenu na nyundo ya Seremala, na mimi nitajifungia ndani nisiione."

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, watu walimpita Mshoto kama nguzo. Sakristani peke yake alisimama.

"Kwa nini hukusema, Babu?"

"Ningesema nini? Niliulizwa nani ameandika." Akazitikisa funguo zake, akasikiliza kama zote zimo. "Nimekukasirikia, ujue. Nimekukasirikia sana, na nitaendelea mpaka niseme basi. Jumanne tunakwenda saa ngapi?"

"Tunakwenda?"

"Kasula haivuliwi na mtu mmoja."

*

Studio ilikuwa ghala la zamani, mlango wa bati, na ndani nyaya zimelala sakafuni kama mizizi. Mlinzi aliwasimamisha.

"Mashabiki ni Jumamosi."

"Sisi si mashabiki," Sakristani akamjibu. "Sisi ni wenye mali."

Mlinzi alimtazama mzee na kofia yake, akamtazama mama na mtoto mgongoni, akaona hapo hakuna vita. Akawapitisha.

Yule mtu wa zipu, kumbe ndiye mtunza mavazi wa kipindi, aliwaona kwanza. Ndevu zake zilikuwa zimechongwa upya. "Dada fundi! Karibu sana! Umekuja kupiga picha na Padre?"

"Nimekuja kuchukua kasula yangu."

"Sasa hivi? Tuko katikati ya kazi."

"Uliniambia mchezo wa padre."

"Si ndio huu? Mchezo si mchezo?" Akacheka, akatazama pembeni kuona nani mwingine anacheka. "Ungeuliza, dada. Mimi sikukudanganya neno hata moja."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwa sababu ndilo alilomfanyia mzee. Akakanyaga nyaya, akaingia kwenye mwanga.

Padre Biskuti alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya pasi, anakula biskuti zake za kazi. Makombo yalikuwa kwenye kola. Poda ya uso ilikuwa imechafua shingo ya kasula ikawa rangi ya tope, na ule upindo ulioungua ulikuwa umebanwa kwa gundi. Kwa gundi! Mshoto aliona mambo hayo kwanza, kama fundi, kabla ya kumwona mtu.

"Nani hawa?" mchekeshaji akauliza. "Wamekuja kuungama? Mama, dhambi zako nusu bei leo, ukija na mtoto."

Mafundi wa taa wakacheka.

"Huyo mgongoni kwako ni mbuzi," Mshoto akasema.

"Tunajua! Ndiyo maana tunampenda. Nani alishona huu uchafu?"

"Mimi."

Kicheko kingine, kirefu. Akasubiri kiishe. Alikuwa amelelewa na shangazi mwenye ulimi, kusubiri alikuwa anakujua.

"Kanisani kwetu tulimcheka mbuzi huyu miaka tisa," akasema. "Paroko alicheka, watoto walicheka, mimi nilicheka mpaka nikalia. Hakuna aliyeumia. Mama yangu mzazi hatoki kitandani. Kwa wiki nzima kuna siku moja anayotaka kuoshwa, Ijumaa, kwa sababu analetewa kile unachokivunja hapo juu ya meza ya pasi. Alhamisi alikuona. Akageukia ukuta. Wewe hukumcheka mbuzi. Ulimcheka mama yangu, na nguo uliyovaa nimeshona mimi."

"Dada, hii ni komedi. Usipopenda, zima."

"Alizima. Sasa nivulie changu."

"Nikikataa?"

"Basi umeiba," Sakristani akasema kwa upole, nyuma yake.

Mchekeshaji aligeuka nusu. Hakumwona mzee alivyofika pale. Miaka thelathini na moja ya kupita nyuma ya mapadre bila kukanyaga kitu ilikuwa imemfunza kufika hivyo. Mikono yake ilikuwa tayari kwenye mabega ya kasula, kidole gumba na cha shahada, pale pale pa siku zote. Mshoto akashika upande wa mbele. Na mzee, bila kukusudia, kwa mazoea tu, akanong'ona:

"Kichwa, Padre."

Na mtu yule akainamisha kichwa.

Hakuna njia nyingine ya kutoka kwenye kasula. Ina tundu moja, na anayevuliwa lazima ainame. Lakini aliinama kabla ya kufikiri, mbele ya taa zake na watu wake, na vazi likapita juu ya nywele zake likimfunika uso kwa muda wa pumzi moja. Alipotoka upande wa pili alikuwa mwanamume mwembamba mwenye singlendi, amefungiwa mto tumboni kwa kamba. Palikuwa na nafasi ya kicheko pale, pana kabisa. Hakuna aliyeijaza.

Kisha uso wake ukafunga.

"Chukueni mbuzi wenu! Tokeni! Kesho nitavaa pazia, na watu watacheka vilevile, mnasikia? Watacheka zaidi!"

"Vaa," Mshoto akasema, akiikunja kasula mbuzi akae juu. "Pazia ni lako."

*

Jumatano asubuhi waliichoma nyuma ya kanisa, ndani ya pipa la bati. Mwenyekiti alikuja kuhakikisha, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Hakusalimia. Mama Kwaya alikuja na wenzake wanne, wakasimama mbali kidogo, makusudi. Paroko alisema sala fupi. Moto ulikula poda, ukala gundi kwa harufu mbaya, ukala kitambaa. Uzi wa kijivu ulikuwa mzito, ulichelewa. Mshoto alitazama mpaka mwisho, maana safari hii ilibidi.

"Mtu asidhani tumemaliza," Mwenyekiti akaliambia pipa. "Jumapili tunaandamana. Na yule amesema atavaa pazia, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa hiyo umetusaidia nini?"

Mshoto akachota majivu kwa koleo. Walifukia majivu chini ya ukuta, na Sakristani akamwita ndani, akafungua kitabu cha mavazi. Alikuwa ameshalikata lile neno *imeteketezwa* kwa mstari mmoja ulionyooka. Akamsogezea kalamu.

"Andika wewe. Na tarehe."

Akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala upande wao, *imeteketezwa leo*, akatia jina lake kamili ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia. Mzee akalisoma, akapuliza wino.

"Basi," akasema. Mshoto akaelewa kwamba hasira yake iliishia hapo.

Ya wengine haikuishia. Magauni arobaini na mawili alikuwa ameshayapeleka kwa Mwenyekiti Jumatatu, kwenye mabunda mawili, na Mwenyekiti aliyapokea kama mzigo wenye kunguni. Alhamisi nzima mashine ilikaa kimya. Njiani salamu zake zilirudi bila kuitikiwa. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake upande wa pili wa barabara, na huyo mtoto Mshoto alimjua kiuno, bega na urefu wa mkono.

Ijumaa mama yake alidai kuoshwa.

"Wamemvua?" aliuliza, macho yamefumbwa, sabuni shingoni.

"Tumemvua, Mama."

"Aliinama?"

"Aliinama."

"Mm," akasema mama yake, na akanyoosha mkono mwingine uoshwe.

Paroko alikuwa ameshaondoka na Mshoto amekaa mlangoni pa chumba cha kazi, mtoto mapajani, alipoona kivuli kipana kikija. Mama Kwaya alikuwa na mjukuu wa miaka tisa mkono mmoja, na mkono mwingine gauni jeupe lililojaa pini, na kikaratasi cha jina bado kipo.

"Tumsifu Yesu Kristo," Mshoto akasema, akisimama.

"Sikuja kusalimia," Mama Kwaya akamjibu. "Nimekuja kupima. Mwenyekiti amempa fundi mwingine, na huyo fundi mwingine amemchoma mtoto pini mara nne, halafu kwapa la kushoto limekaa kama pochi. Wewe nimekukasirikia, na Jumapili nitaandamana, na getini nitaimba mpaka nipasuke."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa. Mpime."

Mshoto alimlaza mtoto wake kwenye kapu la vitambaa. Akampandisha yule binti kwenye kigoda, akamgeuza upande wa mwanga, akaweka pini tatu mdomoni. Kwapa lilikuwa limekaa vibaya kweli. Akalifumua kwa mkasi wa shingoni, mshono kwa mshono, bila haraka, huku Mama Kwaya amesimama juu yake akipumua kama anayejiandaa kuimba.

Mtoto akaanza kulia kapuni. Mama Kwaya akamtazama, akatazama dari, akamtazama tena. Kisha akainama, akamnyanyua, akamweka begani bila neno, na akaanza kutembea naye huku na huku ndani ya kile chumba kidogo, amekunja uso.

"Na hili gauni," akasema mgongo ukiwa umegeuka, "usilitie ndevu."